Kabla hujashika sururu, kaa na kokoto kwanza

Kila mtu anayenifuata akitaka kuanza kutafuta mawe ya vito au dhahabu huku milimani swali lake la kwanza ni mashine. Ninunue ditekta gani, jenereta la ukubwa gani, kuna karasha la kusagia mwamba nimeliona linauzwa mahali unaonaje. Mi huwa najibu hivi, nunua karai moja na chekeche mbili, moja ya matundu makubwa moja ya matundu madogo, afu tafuta mwenye leseni akuruhusu ukae kwenye korongo lake na kokoto mpaka uzijue. Sio kwamba mashine ni mbaya, la hasha, ila ukianza na mashine kabla hujajua mlima una nini ndani unafukia hela yako shimoni, na nimeona watu wazima na akili zao wanauza shamba la iliki wananunua pampu, pampu inafanya kazi vizuri kabisa, kitu cha kupampia ndo hakipo.

Kokoto ndo taarifa ya mlima mzima. Nataka nieleze kwa nini, maana wengi wanaambiwa tu "angalia mchanga mweusi" bila kuelezwa sababu.

Milima yetu ya mashariki mwa Tanzania, Pare, Usambara, Uluguru mpaka Mahenge, imekaa kwenye ukanda wa miamba ambao wajiolojia wanauita Ukanda wa Msumbiji. Miaka kama milioni 650 mpaka 500 iliyopita mabara yaligongana hapa, miamba ikasukumwa chini sana ikapikwa kwa joto na mgandamizo mpaka ikabadilika, na humo ndo yalikozaliwa mawe ya vito kama rubi, spineli, ganeti za kila rangi, tomalini na tanzanaiti ya Mererani. Wakati huo Madagaska na Sri Lanka zilikuwa zimeungana na huku, ndo maana mtu wa mawe kutoka Sri Lanka akifika Tunduru au Umba anaona vitu anavyovijua tangu utoto.

Sasa kinachofuata ni mvua. Huku kwetu juu mlimani mvua ni nyingi na joto lipo, na hivo vitu viwili vikikaa pamoja miaka na miaka mwamba unaoza. Kabisa, unaoza. Ule udongo mwekundu unaoteleza masika mpaka pikipiki zinashindwa kupanda, huo ulikuwa mwamba mgumu zamani, madini laini yamegeuka kuwa udongo wa mfinyanzi na yale sugu yamebaki humohumo ndani yakisubiri kuoshwa. Kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, inabaki. Ganeti inabaki, spineli, safaya, zirkoni, na dhahabu nayo inabaki maana haipati kutu wala haiozi. Mvua inasomba udongo unaenda baharini, vile vizito na vigumu vinaachwa njiani kwenye makorongo na mito. Kwa hiyo ukishika kiganja cha kokoto kutoka chini ya korongo umeshika sampuli ya kila mwamba ulioko juu yako, mvua imeshafanya kazi ambayo wewe na sururu yako msingeimaliza maisha yenu yote.

Pa kushika hizo kokoto ni muhimu kuliko wingi wake. Maji yanabeba mzigo yakiwa na nguvu, yakipoteza nguvu yanautua, na kinachotuliwa kwanza ni kizito. Kwa hiyo angalia upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, chini ya poromoko pale maji yanapotulia, kwenye nyufa za mwamba zilizokaa kukata njia ya maji, na kwenye mizizi ya miti mikubwa ya pembeni. Na muhimu kuliko yote, shuka mpaka ukutane na mwamba au ule udongo mgumu wa mfinyanzi ambao kitu kizito hakiwezi kupenya. Mtu anayechota mchanga wa juujuu siku nzima anachota mzigo wa mvua ya juzi. Kokoto za chini kabisa, zile zilizogandamana na udongo, rangi kama ya kutu, hizo ndo zimekaa miaka.

Afu kuna hili, mto haukuwa siku zote pale ulipo leo. Kwenye miteremko ya hii milima utakuta tabaka za kokoto za mviringo ziko juu mita kadhaa toka kwenye maji, au korongo kavu ambalo hata masika halitiririki sawasawa. Hizo ni njia za zamani za mto. Mi nazipenda kuliko mto wenyewe kwa sababu mbili, ya kwanza mara nyingi hazijaguswa, ya pili sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na watu wanaichukulia hii kama kikwazo wakati ukijua kusoma ardhi kokoto nzuri kibao ziko nje ya hizo mita 60.

Dhahabu na mawe hazioshwi kwa namna moja, na hapa watu wengi wanapoteza vitu. Dhahabu ina uzito wa mara 19 na kidogo kuliko maji, kwatzi ni 2.65 tu, yaani dhahabu ni nzito mara 7 kuliko ule mchanga mweupe unaoizunguka. Kwa hiyo karai linatosha kabisa, unajaza, unavunjavunja udongo kwa vidole mpaka maji yatoke safi, unatikisa kwa nguvu huku limelala sawa ili kizito kizame, ndo unainamisha taratibu na kuacha maji yachukue cha juu. Usiwe na haraka na kutikisa. Mwishoni unabaki na mchanga mweusi, mwingi ni sumaku asili na ilmenaiti, madini mazito yenye chuma, na kama ipo utaona vile vipande vya njano vinachelewa nyuma wakati vyeusi vinasogea.

Mawe ya vito ni habari nyingine. Safaya na ganeti ziko kwenye 4 hivi, spineli 3.6, toma, yaani tomalini, ni 3.1 tu, tofauti na kwatzi ni ndogo, ukitumia karai kwa mtindo wa dhahabu utazimwaga zote. Hapa ni chekeche. Unaizamisha kwenye maji unaipandisha na kuishusha kwa mikupuo mifupi huku unaizungusha kidogo, ule mwendo wa mama anayepepeta mchele kwenye ungo ila huu unafanyika ndani ya maji, na vile vizito vinazama na kujikusanya katikati chini. Ukimaliza unaipindua chekeche kwa mkupuo mmoja juu ya gunia au turubai, kama umefanya vizuri katikati ya duara la kokoto utaona doa la rangi nyeusi na nyekundu. Mimi hilo doa likitokea hata kama hakuna jiwe la kuuza nafurahi, maana tayari najua juu yangu kuna mwamba wenye ganeti, na penye ganeti za rangi fulani kuna uwezekano wa mengine.

Nitoe mfano wa Umba, bonde la mto Umba unaotoka Usambara kuelekea mpakani na Kenya. Kule kuna mwili wa mwamba mweusi-kijani unaoitwa sapentinaiti, na mishipa ya pegmataiti, mwamba wa fuwele kubwakubwa, imeukata. Pegmataiti kwa kawaida ina silika nyingi, ile inayounda kwatzi, lakini inapopita kwenye sapentinaiti ile silika inanyonywa na mwamba wa jirani, kinachobaki ni alumini nyingi isiyo na silika ya kuungana nayo, na hiyo ndo safaya. Na safaya za Umba zina rangi ambazo hazieleweki, zambarau, machungwa, kijani iliyofifia, njano. Mtu asiyejua hili anachimba popote palipo pekundu. Anayejua anatafuta mpaka wa ile miamba miwili, anafuata mshipa. Na alijuaje kuna sapentinaiti? Kokoto zake ziko korongoni, nyeusi-kijani, zinateleza mkononi.

Na hukohuko maeneo ya Usambara kuna toma ya kijani ambayo ukiiangalia ikiwa nyembamba ni kijani kabisa, ikiwa nene au ukiweka mbili juu ya moja mwanga unaopita unakuwa mwekundu. Wanasayansi waliielezea 1997 na kitu chenyewe dunia nzima inakiita kwa jina la Usambara. Nikiwaambia vijana wa Tanga hili hawaamini, mpaka nitoe tochi.

Mahenge ni mfano mwingine wa kwamba hakuna aliyemaliza kuujua mlima. Watu walikuwa wanaokota spineli na rubi pale miaka mingi, afu 2007 pale Ipanko yakatoka mawe makubwa ya spineli, moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50, ile pinki inayowaka, na soko la spineli dunia nzima likabadilika. Mwaka huohuo kuelekea 2008 Winza kule Mpwapwa rubi nazo zikatoka. Kabla ya hapo Tunduru katikati ya miaka ya 90, kokoto za mito kama Muhuwesi zilikuwa na kila kitu, safaya, krisoberili, alexandraiti, spineli. Nyingi ya habari hizi zinaanza na watu wenye vifaa vya mkononi tu.

Sasa umepata kitu kwenye chekeche. Ni nini? Hapa ndo pesa inapotelea, wala sio shimoni. Mchimbaji anatoa jiwe jekundu anamwambia dalali "nina rubi", dalali anaangalia sekunde tano anasema hii rodo tu, yaani ganeti ya rodolaiti, kweli au sio kweli mchimbaji hajui, anachukua anachopewa. Kuna siku mzee mmoja wa Matombo, kule Uluguru, alimwaga kikombe cha kokoto mbele yetu akawa anatenganisha kwa kidole bila hata miwani, hii spineli, hii rodo, hii zirkoni, hii chupa. Chupa! Kipande cha chupa ya kijani kimesuguliwa na mto mpaka kimekuwa duara kizuri kabisa, na kijana mmoja alishakifunga kwenye karatasi anajua ana toma. Nikamuuliza mzee, "Babu, umejuaje?" Akaniambia nikiangalie juani, na kweli ndani kulikuwa na mapovu ya hewa ya mviringo. Jiwe la asili kwa kawaida halina mapovu ya namna ile, na chupa ni laini, kwatzi inaichora.

Kwa hiyo haya ni ya kujifunza na hayahitaji maabara. Umbo kwanza, kama jiwe halijasagwa sana na mto. Spineli inakaa kama piramidi mbili zilizogusana matako, pande nane. Ganeti ni duara yenye nyuso nyingi za pembe nne. Safaya na rubi ni pipa au bapa lenye pembe sita. Toma ni kijiti chenye mistari inayokwenda kwa urefu, na ukiikata kwa upana inakuwa pembetatu yenye mbavu zilizotuna. Afu sumaku, ila sio ya spika ya redio, ile ndogo kali ya neodimiamu, ganeti nyekundu zinavutwa, spineli ya pinki na rubi hazisogei. Afu tochi ya UV, ya mawimbi marefu, rubi na spineli ya Mahenge zinawaka nyekundu gizani na ganeti inabaki kimya. Kutofautisha rubi na spineli tumia kile kimirija kidogo cha kuangalia rangi mbili, dikroskopu, rubi inaonesha rangi mbili tofauti kwenye vidirisha viwili ukiigeuzageuza, spineli haioneshi hata uigeuze vipi. Ukijumlisha na lenzi ya mara 10 hivi vyote vinaingia mfuko mmoja wa shati, na ukivizoea dalali anabadilika namna anavyoongea na wewe, nimeliona hili mara nyingi mno.

Kwa dhahabu ni rahisi zaidi. Maika, yale magamba membamba yanayometa, inang'aa juani ukiiweka kivulini inapotea, na kwenye karai inaelea elea inakimbia na maji. Pairaiti, ile dhahabu ya wajinga, ni nzito kidogo na ya njano lakini ukiigonga inavunjika unga. Dhahabu ukiigonga inatandaka, na kivulini njano yake iko vilevile.

Niingie sasa kwenye jambo linaloniuma. Mwishoni mwa 2003 na 2004 dhahabu ilionekana Sakale, Usambara Mashariki, jirani na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Maelfu ya watu walipanda mlima. Hii ni misitu ambayo ina mimea na wanyama ambao hawapo popote pengine duniani, ua la dughulushi linalouzwa kwenye vyungu Ulaya asili yake ni milima hii, na vijito vinavyotoka humo ndo vinaunda mto Zigi ambao unajaza bwawa la Mabayani ambalo jiji la Tanga linakunywa. Watu walichimba ndani ya vijito vyenyewe, maji yakawa tope, serikali ikaja kuwatoa. Mi nawaelewa wale wachimbaji, njaa ni njaa na dhahabu imeonekana, lakini ukinywa maji ya bomba pale Chumbageni au Ngamiani jua yametoka huko juu. Kuchimba ndani ya hifadhi kwa ajili ya dhahabu ya kokoto, ambayo kwenye vijito vyembamba vile inaisha upesi, ni kubadilishana kitu cha kudumu na kitu cha msimu. Siwezi kukitetea hata kidogo, na mtu akiniomba nimpeleke huko sijibu hata meseji.

Zebaki ndo mbaya zaidi. Tope likitulia mto unarudi, zebaki haiendi popote. Inageuzwa na vijidudu kuwa sumu inayoingia kwenye samaki, na samaki anaingia kwa mtoto. Na wengi wanaichoma wazi, kwenye jiko la mkaa, nyumbani, mvuke wake hauna harufu, mama amebeba mtoto mgongoni anapika pembeni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata 2020 wa kupunguza hii kitu. Kama lazima utumie basi ritoti, kile chungu cha chuma chenye bomba, zebaki inachemka nyuzi 357 inapanda inapoa inarudi kwenye chupa, unaitumia tena, hata kwa hesabu ya hela tu unaokoa. Ila kwa dhahabu ya kokoto ya mtoni mi sioni hata sababu, imeshakombolewa na mto, iko peke yake, karai zuri na uvumilivu vinatosha. Kwenye milima ya Benguet kule Ufilipino wachimbaji wadogo wameyeyusha dhahabu kwa boraksi, ule unga mweupe wa kuyeyushia, miaka mingi bila zebaki, wanaosha mpaka mchanga mzito ubaki kidogo sana, wanachanganya na boraksi, wanayeyusha, takataka zinaelea dhahabu inazama chini.

Kuosha nako, usioshee mtoni. Beba kokoto zako mpaka kwenye kibwawa ulichochimba mwenyewe mbali na kingo, kigawe sehemu mbili, ya kwanza tope linatua ya pili maji yametulia unayarudisha. Kazi ya kubeba ni ngumu ndio. Ila maji ya mtu wa chini yanabaki maji.

Na mashimo jamani. Udongo huu mwekundu unadanganya, kiangazi umesimama wima ukuta mzuri kabisa, ukinywa maji unashuka wote kwa mara moja bila kutoa sauti. Usichimbe pango chini ya kingo kufuata tabaka la kokoto. Nimeona watu wanalala kifudifudi wanaingia mpaka kiunoni chini ya mita tatu za udongo, wakati wangeweza kukata kwa ngazi kutoka juu. Masika, Machi mpaka Mei, mi sichimbi kabisa. Napita tu kuangalia mvua imefunua nini, na kuanzia Juni maji yanapopungua ndo naenda na karai, kona nyingi zinakuwa mpya.

Kuhusu leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji, PML, ni ya Watanzania, inakuruhusu kutafiti na kuchimba kwenye eneo lako, na unaiomba Tume ya Madini. Kule Queensland Australia mtu wa kawaida anakata leseni ya kuokota mawe kwa vifaa vya mkono anaenda wikiendi na familia yake, wana sheria yake kabisa ya 1994, natamani na sisi tuwe na kitu cha hivo kwa vijana wanaotaka kujifunza, hata kwa makorongo yaliyoachwa. Kwa sasa njia iliyo wazi ni kujiunga na mwenye PML, mkaandikishiana mgawanyo kabla ya kuanza. Kabla. Jiwe likishatoka hakuna anayekumbuka mliongea nini.

Kuuza nenda soko la madini. Yalianza 2019, la kwanza lilikuwa Geita, na mwaka huohuo wachimbaji wadogo walifutiwa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ambazo ndo zilikuwa zinasukuma watu kuuza vichochoroni. Kuna mrabaha, yaani sehemu ya serikali, na ada ya ukaguzi, uliza viwango vya sasa pale dirishani kabla hujapatana bei. Piga picha jiwe lako juani na kivulini, lipime mwenyewe, gramu 1 ni karati 5, na ujue mnunuzi anapiga hesabu ya kitakachobaki baada ya kukatwa, ambacho mara nyingi hakifiki hata nusu ya ulicholeta. Kwa hiyo ukitajiwa bei muulize analiona litatoka karati ngapi, safi au lenye ufa, ufa uko wapi. Akikuonesha ufa uuone kwa lenzi yako wewe, na kama humuelewi funga jiwe kwenye karatasi nenda meza ya pili.